Baada ya Amina, Wavu Majini

Ukikaa Turkana muda wa kutosha utagundua kwamba mazungumzo yetu mengi hufia mahali pamoja. Pampu ya kisima imeharibika na kina mama wamerudi kuchimba mchanga wa laga, mto mkavu, kutafuta maji: tumwachie Mungu. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo na hakuna aliyekwenda kumwona mwalimu mkuu: Mungu atafungua njia. Fedha za barabara zimeliwa, aliyezila anajulikana kwa jina na kwa gari lake: Mungu anaona. Nimeyasikia haya matangani Lodwar, kwenye foleni za Kakuma, na hata Lowarengak, pale ufuoni ambako mtu hutegemea ziwa kwa chakula cha jioni hiyo hiyo. Mungu akishatajwa, watu huinuka, hupangusa mchanga na kwenda zao. Nani atathubutu kuendelea na hoja?

Nathubutu leo. Sina ugomvi na sala, wala sina shaka kwamba Mungu anaona. Ninachokataa ni tabia ya kulitumia jina lake kufunga mlango ambao yeye mwenyewe ameuacha wazi. Imani ya Kikristo, kama ninavyoielewa na kama nilivyowaona watu wa nchi hii kame wakiiishi, ni kumtumainia Mungu na papo hapo kufanya jambo ambalo bila yeye lingekutisha. Anayesema anamtumaini Mungu na huku hasogei amekata tamaa tu, ila anaona haya kulisema.

Mfugaji na wapelelezi wake

Wapo watakaonijibu kwa methali: subira huvuta heri. Naikubali. Tena nani anaijua subira kuliko mfugaji wa kaskazini, ambaye mvua zilimkosa misimu mitano mfululizo kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022? Ila mtazame anavyosubiri. Ukame unapokaza, wazee hukutana chini ya mti na mnyama huchinjwa. Mzee mmoja husimama akimwomba Akuj, yaani Mungu kwa Kiturkana, akitaja mvua, majani, watoto na mifugo, na waliokaa humwitikia kwa sauti moja kila anapotua. Sala hiyo ni nzito, haifanywi kwa mzaha. Ikiisha, vijana hutumwa: nendeni mkaangalie malisho yako wapi, maji yako wapi, adui yuko wapi. Hakuna mzee aliyewahi kuiona safari ya vijana hao kuwa dalili ya kumshuku Akuj. Wangebaki wamekaa kivulini, hapo ndipo angeuliza kulikoni.

Maandiko yanasema vivyo hivyo. Abrahamu, mfugaji mwenzetu, aliondoka Harani na mifugo yake kwenda asikokujua, na alipofika penye njaa hakusita kuhama tena. Musa alituma watu kumi na wawili waipeleleze nchi ambayo Mungu alikwisha kuwaahidi. Ahadi ilikuwapo, na bado watu walitumwa. Makuhani wa Yoshua waliingiza miguu katika Yordani wakati mto umefurika, na maji yakasimama nyayo zilipokwisha kulowa. Kwa hiyo kukaa kitako na kukuita imani hatukukurithi kwa babu zetu, wala hatukukupata katika Injili. Tumekujifunza karibuni, na nadhani najua tulikojifunzia.

Waliojifunza wavu

Enzi za ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu hakuingia bila kibali, na wamisionari walizuiwa kwa miaka mingi. Ukame na njaa ya 1960 na 1961 ndiyo iliyofungua mlango. Mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Ayalandi walifika mwaka 1961, watu wakiwa kwenye kambi za njaa, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 wamisionari wa Africa Inland nao wakaanza kazi. Kufikia 1978 Lodwar ilikuwa jimbo kamili la Kanisa Katoliki. Chakula cha msaada kilifuatwa na shule, zahanati na visima, na wengi tunaosoma na kuandika leo ni matunda ya kazi hiyo. Simdharau hata mmoja wao.

Lakini tuseme ukweli. Miaka zaidi ya sitini ya magunia imetufundisha pia kunyoosha mkono. Kizazi baada ya kizazi kimekua kikiona baraka ikishuka kutoka nyuma ya lori, imepigwa chapa ya nchi ya mbali, na anayeipata ni yule aliyekaa kwa utulivu kwenye mstari. Mtoto aliyelelewa hivyo, ukimwambia Mungu ataleta, anawaza lori.

Katika njaa ile ile, hata hivyo, lilitokea jambo jingine ambalo halisimuliwi inavyostahili. Familia zilizopoteza mifugo ziliteremka ziwani zikajifunza kuvua kwa nyavu. Msomaji wa Kisumu au Mombasa huenda asione uzito wake. Kwa Mturkana wa wakati ule, samaki alikuwa chakula cha asiye na mbuzi. Mtu wa ziwani alihesabiwa fukara, hana cha kutolea mahari, hana neno barazani. Sasa mfikirie mwanamume aliyelelewa akimjua kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake. Ng'ombe wamekwisha. Anaambiwa aingie kwenye maji yenye mamba, juu ya chelezo cha magogo ya mkoma, katika ziwa ambalo upepo wake huanza ghafla na kumgeuza hata aliyezaliwa ufuoni. Aliingia. Nyuma yake kulikuwa na dhihaka ya ndugu zake, mbele yake maji, na nyumbani watoto.

Kila nikisoma habari za Petro kwenye Injili ya Luka namwona mtu huyo. Petro alikuwa amekesha ziwani asipate kitu. Yesu alipomwambia arudi kilindini hakuficha uchovu wake, alisema wazi kuwa usiku kucha wamehangaika bure. Kisha akashusha nyavu. Hakungoja shaka imwishe ndipo atende. Wahubiri wengi wanatutaka tuwe kwanza na imani isiyo na swali lolote, na kwa kuwa siku hiyo haifiki, hatutendi kamwe. Petro alikuwa na swali mdomoni na wavu mkononi, na hakukemewa.

Wajukuu wa waliojifunza wavu ndio wanaoijaza Lowarengak leo. Mashua zikitua asubuhi, kina mama wanangoja na visu. Ngege hupasuliwa akabaki bapa, matumbo hutolewa, chumvi husuguliwa mpaka kwenye mikunjo ya nyama, kisha huanikwa ngozi ikiwa chini na kugeuzwa jua linapopanda. Mkono mmoja unageuza samaki, mwingine unafukuza mbwa. Wengi wa kina mama hao walisali kabla ya kupambazuka. Samaki akikauka hufungwa mizigo na kupakiwa lori la kwenda Lodwar, kisha Kisumu na Busia, na wapo wanaomla huko Kongo bila kujua Lowarengak iko upande gani wa dunia. Lori likikwama kwenye laga wakati wa mafuriko, hasara ni ya mama huyu, hana bima. Msimu ukifuata anakopa tena chumvi na kuanza upya. Nani atamfundisha imani huyo?

Mlinganishe na kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway. Mitambo ya kugandisha ilidai umeme mwingi na maji safi katikati ya jangwa, gharama ikashinda thamani ya samaki, na Ghuba ya Ferguson ikapungua maji. Kiwanda kikanyamaza. Nia ilikuwa njema na jengo lilikuwa kubwa, ila walioamua si wao ambao wangelala njaa mradi ukishindwa. Ujasiri wa namna hiyo ni mwepesi kuubeba.

Ujasiri usio na hesabu

Hapa natarajia pingamizi, na ni pingamizi la haki. Je, si ujasiri wa kidini uliowapeleka watu Shakahola? Aprili 2023 Kenya ilianza kufukua makaburi katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikatolewa, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Kwetu Turkana habari ile ilikuwa na uchungu wa namna yake. Hapa mama hutembea mchana kutwa akitafuta kile ambacho watoto wale walinyimwa kwa makusudi. Njaa tunaijua kwa karibu, na hatujawahi kuiona ikimfikisha mtoto kwa Mungu kwa namna ambayo mzazi angeitamani.

Jibu liko kwenye Injili yenyewe. Shetani alimtaka Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu, tena akamtajia Maandiko ya kumtia moyo. Yesu alikataa. Mtu yule yule aliyekwenda Yerusalemu akijua atauawa alikataa kuruka kwa ajili ya kuonyesha. Tofauti naiona hivi: tendo la imani lina mtu linayemsaidia, na mtendaji amekaa chini akahesabu gharama, kama Yesu mwenyewe alivyofundisha juu ya anayetaka kujenga mnara. Kuruka ili Mungu alazimike kukudaka ni kumjaribu.

Kwa kipimo hicho, mengi tunayoyaita ujasiri yanaanguka. Kuna mvuvi anayesali vizuri kabla ya kusukuma mashua lakini hana jaketi la kuokolea hata moja, na ukimuuliza anasema Mungu ndiye mlinzi. Mungu ndiye mlinzi, naam, na jaketi lauzwa. Kuna mhubiri wa jukwaani anayemwambia mjane apande mbegu, na mbegu yenyewe ni karo ya muhula. Mjane anatoa, anangoja muujiza, mtoto anakaa nyumbani hadi muhula unaofuata. Sijui kama kuna jambo linalonikasirisha zaidi ya hilo. Aliyechukua fedha zile hakuhatarisha chochote, na aliyehatarisha kila kitu hakuelezwa anachokifanya.

Sala na walinzi mpakani

Kaskazini mwa Lowarengak, ukifuata ufuo, unafika Todonyang, na mbele yake ni Ethiopia na delta ya Mto Omo, mto unaolipa ziwa letu karibu maji yake yote. Waturkana na Wadaasanach wanagombania malisho na samaki hapo tangu kabla ya mpaka kuchorwa, na bunduki zimelifanya jambo la zamani kuwa la kutisha. Mei 2011 watu wengi wa Todonyang waliuawa. Februari 2025 wavuvi walishambuliwa tena, wengine wakauawa na wengine wakatoweka majini. Baada ya kila tukio hufanyika ibada, na ibada ni lazima, kwa sababu waliofiwa wanahitaji kuliliwa pamoja. Baada ya ibada je?

Nehemia alipokuwa akijenga ukuta huku maadui wakimzunguka, aliomba kisha akaweka walinzi usiku na mchana. Hakuona haya kuyafanya yote mawili. Nasi tuna haki ya kuidai serikali ilinde raia wake wa mpakani kama inavyolinda wa Nairobi, na kudai huko ni sehemu ya sala yetu. Ulinzi peke yake, hata hivyo, hautoshi. Mvuvi hawezi kuvua maisha yake yote akiwa na askari mgongoni.

Ndiyo maana namkumbuka Askofu Paride Taban, jirani yetu wa Sudan Kusini, aliyefariki Novemba 2023. Alikuwa askofu wa Torit katika miaka mibaya ya vita. Mwaka 2004 aliacha kiti hicho, na mwaka uliofuata akaanzisha Kijiji cha Amani cha Utatu Mtakatifu huko Kuron, katika nchi ya Watoposa, ambao kwa lugha na asili ni ndugu zetu. Pale ambapo makabila yalijuana kwa wizi wa ng'ombe, yeye alileta shule, zahanati na mashamba, vijana wa pande zinazowindana wakakaa mahali pamoja. Mzee wa umri wake angeweza kustaafu kwa heshima mjini na kuiombea amani kutoka kwenye kiti. Alikwenda kukaa nayo.

Upande wetu, mapadre na walei wa Jumuiya ya Kimisionari ya Mtakatifu Paulo Mtume wamekaa Nariokotome, Lowarengak na Todonyang kwa miaka mingi, wakijenga mabwawa ya mawe milimani na kuwalisha watoto wadogo kwenye vituo vyao. Bwawa ni kazi ya amani kwa namna ambayo watu wa mijini hawaioni: mfugaji mwenye maji nyumbani hana sababu ya kupeleka ng'ombe mahali ambapo lazima apigane. Lakini naogopa tunavyowatazama. Tunasema padre atajenga, padre ataleta. Padre ni mgeni hata akikaa miaka thelathini. Je, kuna parokia ngapi ambamo waumini wenyewe wamebeba mawe kwa zamu, bila malipo ya siku, kwa sababu bwawa ni lao?

Nyumbani, penye hesabu

Niteremke sasa hadi kwenye kaya, maana huko ndiko imani hupimwa. Kambi ya Kakuma, iliyoanza mwaka 1992 na vijana waliokuwa wamekimbia vita vya Sudan, pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu takriban 300,000. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua, hasa za Marekani, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikata mgao hadi chini ya theluthi ya kiwango kinachohitajika. Maandamano yakazuka. Na pigo halikuishia kambini. Mama wa Kiturkana aliyekuwa akibeba kuni na makaa kwenda kubadilishana na unga alirudi na mzigo wake kichwani. Wakati kama huo, kumwambia mtu angoje ni ukatili hata ukilitia jina la Bwana mwishoni.

Nguvu iliyopo mikononi mwetu haihitaji mfadhili. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, familia chache zinazokutana nyumba kwa nyumba kusoma Neno. Ziko Lodwar, ziko vijijini. Makanisa mengine yana vikundi vya namna hiyo kwa majina yao. Na kando yake kina mama wana chama: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, daftari lenye mistari iliyochorwa kwa rula, na mwekahazina anayezihesabu sarafu mara mbili kwa sauti. Mara nyingi ni wanawake wale wale, mkeka ule ule. Wanasali saa nane, wanahesabu saa tisa. Sielewi kwa nini tunayaona haya kuwa mambo mawili.

Jumuiya ikikutana hivyo inaweza pia kusema na wakubwa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, Turkana imekuwa miongoni mwa kaunti zinazopata mgao mkubwa kabisa wa fedha za taifa, na sheria inawataka viongozi wasikilize maoni ya wananchi kabla ya kupitisha bajeti. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache wanaojuana. Wakristo tuko wapi siku hiyo? Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliwasema wakubwa wa enzi za chama kimoja, wakati ambapo kusema kulikuwa na bei. Agosti 1990 alionywa asikanyage Busia. Alikwenda, akafanya ibada, na akafa katika ajali ya barabarani akirudi. Sisi tunatakiwa tu kuketi kwenye kiti cha plastiki na kuuliza kwa nini zahanati haina dawa.

Na kuna jambo ambalo haliwezi kungoja bajeti. Mama wa Lowarengak akipatwa na uchungu mgumu usiku, anahitaji kufikishwa hospitali ya Lokitaung, na mara nyingi kinachokosekana ni mafuta, au mwenye gari hajulikani alipo, au mume amekwenda ziwani na hakuna mwenye kauli ya kuamua. Akifa, tunasimama kaburini na kusema kazi ya Mungu haina makosa. Kazi ya Mungu kweli haina makosa. Kazi yetu ndiyo ilikuwa na makosa, na kumbandikia yeye ni kumsingizia.

Hesabu yake ni hii. Familia kumi na tano za jumuiya moja zikiweka shilingi 50 kila wiki baada ya sala, kwa wiki nne ni shilingi 3,000. Hazinunui gari. Zinatosha kuweka akiba ya mafuta inayokua mwezi hadi mwezi, na kumlipa mwenye pikipiki au gari ambaye amekubaliana na jumuiya mapema, namba yake imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Mume naye akubali mbele ya jumuiya, mke akiwa bado mjamzito, kwamba asipokuwepo usiku huo mkunga na mwenye ufunguo wa sanduku wasimngoje.

Jumuiya zinakutana wiki hii. Mwenye daftari alibebe.